Mwizi wa Kengele Simtaji

Juzi stendi ya Msamvu nilikuwa nasoma riwaya yangu ya upelelezi kwa sauti. Kimyakimya bado sijaweza, maana katika darasa letu la kisomo cha watu wazima tumefundishwa kusoma kwa sauti. Humo binti wa darasa la sita anamsaka aliyeiba kengele ya shule, na ana akili kuliko polisi wote wa kitabuni.

Mama mmoja tuliyekaa naye benchi akanisogelea. "Mwalimu, hebu rudia hapo kwenye nyayo."

Mwalimu, mimi! Nikarudia, kidole kikifuata mstari.

"Ni mlinzi huyo," akasema.

"Subiri kwanza. Binti mwenyewe bado hajasema."

Mara konda akaita abiria wa Ifakara. Mama akapanda shingo upande, akatoa kichwa dirishani. "Dada, utaniua na presha! Nitajie tu, kaiba nani?"

Nikainua kitabu alione jalada. "Kasome mwenyewe!"

Akacheka mpaka basi linatoka. Neno hilo maisha yangu yote nimeambiwa mimi, sijawahi kumwambia mtu. Nanyi wasomaji, kinaitwa Kengele Imekwenda Wapi. Mkikutana nami mjini msiniulize mwizi, simtaji ng'o.