Salamu kwa Mutiso wa Umoja

Aibu hii nimeibeba miaka mingi, na jamani, afadhali niiseme mwenyewe kuliko muisikie kwa mtu mwingine akiitia chumvi. Nilifika mtaa wa Umoja, jijini, nimetoka mbali: kwetu Taita niliondoka na kisanduku cha bati, nikakata mkonge Voi nikachoka, nikachimba mitaro Sultan Hamud nikafukuzwa, nikalala Athi River mpaka pua ikajaa vumbi la saruji, kisha lori la makaa likanishusha barabara ya Outer Ring nikiwa mweusi kuliko mzigo wenyewe. Aliyenipokea ni Mutiso, mchonga vinyago kutoka Ukambani, tuliyejuana naye Voi. Alinipa kona ya sebule, mkewe Mama Ndunge akanipa blanketi, na hata siku moja sikuulizwa nitaondoka lini.

Kila Jumapili alasiri tulisikiliza redioni kipindi cha mazungumzo na waandishi. Mutiso alipenda habari za nani aliipigania nchi na nani aliila. Kipindi kikiisha alifunga dirisha (hata joto liwe la kuoka mkate), ndipo tukazungumza, na mwishowe alisema, "Ya hapa yabaki hapa, bwana." Miaka ile mtu aliweza kuchukuliwa kwa sababu ya mdomo wake, na sote tulijua.

Basi ikatangazwa kwamba mwandishi mmoja angehojiwa moja kwa moja hewani kutoka ukumbi wa jirani, na watu wangeruhusiwa kuuliza maswali. Nikaamua kwenda. Uamuzi mdogo tu! Ila sikwenda kimya, nilizunguka kwa majirani nikiwaambia wawashe redio, na Njoroge fundi viatu akanipigia kelele, "Usitetemeke huko, Mwadime, ukatuaibisha Umoja nzima!"

Sikutetemeka. (Laiti ningetetemeka.) Nilishika kipaza sauti nikauliza kwa nini waliolala msituni wakipigania uhuru hawana hata shamba la kuzikwa, ukumbi ukapiga makofi, mwandishi akaniambia swali langu ni zito kuliko kitabu chake, nikavimba kichwa. Mtangazaji akasema, "Asante ndugu, jina lako na utokako?" Sasa mimi ni mtu wa vipindi vya salamu, tangu Voi nilikuwa natuma kadi za salamu redioni, na kwangu mtu akipewa redio asisalimie watu wake huyo hana adabu. Kwa hiyo nikajitaja, kisha nikasema namsalimu Mutiso mchonga vinyago, Umoja, mlango wa kijani nyuma ya kioski cha maziwa, yeye ndiye aliyenifundisha swali hili, hutufundisha kila Jumapili dirisha likishafungwa.

Kwanza watu walicheka. Mtangazaji akasema haraka, "Salamu zimetosha," na mimi (mjinga!) nikadhani ananibania, nikapaza sauti: "Na Mama Ndunge anayetupikia chai!"

Kicheko kikakatika. Mwandishi alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilipofika nyumbani redio zote zilikuwa zimezimwa. Njoroge aliniona, akakusanya viatu vyake akaingia ndani. Mutiso alikuwa kitini, tezo ya kuchongea mapajani.

"Nimezipata salamu," akasema.

Walimjia wiki hiyo hiyo, wanaume wawili wenye makoti, wapole kabisa, na walikuja moja kwa moja mpaka mlango wa kijani bila kumwuliza mtu njia. Nikawaambia swali lilikuwa langu. Mmoja akanipigapiga begani: "Tulikusikia, bwana. Ulisema umefundishwa." Wakaondoka na Mutiso.

Mutiso alirudi masika yakiwa yamekwisha, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Alijaribu kuchonga, tezo ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniua. Asubuhi moja nikakuta kisanduku changu cha bati kimewekwa mlangoni.

"Shemeji," Mama Ndunge akasema, "Baba Ndunge hawezi kukufukuza. Mimi naweza."

Mutiso alinisindikiza mpaka barabarani. Njia ile nilizoea kusalimiwa kila hatua. Siku hiyo hakuna aliyeinua uso. Akanipa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukushika.

"Ukifika salama uendako," akasema, "usinitumie salamu."

Sijamtumia. Nimepita miji mingi tangu hapo, Umoja bado naiota, na kipindi cha salamu kikianza natoka nje. Nimejifunza kwamba mtu ukimpenda, humtaji. Na nyinyi msihangaike kumtafuta: Mutiso si jina lake, wala mlango haukuwa wa kijani.