Rangi ya Mdogo Wangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikisomesha chuoni Al Khoudh, huku kwenye nchi ya Waarabu, na muhula mmoja nikapewa somo ambalo hakuna aliyelitaka: hadithi fupi za visiwa vya Karibi. Mwenzangu aliyekuwa akilisomesha alikuwa amerudi kwao. Mkuu wetu akaniwekea rundo la nakala mezani, akasema, "Asili yako ni visiwani, utaelewana nazo." Kisiwa alichozaliwa mamangu ni Unguja, na kati yake na hivyo vya Karibi kuna bara zima na bahari nzima. Lakini nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kujibizana. Nikazichukua.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Nilikwishaachika, nikarudi kwa mama katika fleti yetu ya Khuwair ya Kusini. Baba alikuwa keshafariki, kwa hiyo tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akifanya kazi katika wizara moja karibu na nyumbani. Kila siku niliendesha gari kwenda na kurudi, jua likinipiga machoni. Nikifika navua abaya, najinyoosha sakafuni chini ya kiyoyozi mpaka mama aniite kula.

Hapo sakafuni ndipo nilipozisoma zile hadithi. Nilikuta ndani yake mama anayempaka mtoto poda kabla wageni hawajafika, bibi anayewapenda wajukuu kwa kufuata rangi zao, msichana anayempenda mtu na, kabla hajamwambia neno, anakwenda kujitazama kwenye kioo. Wanafunzi wangu waliandika insha ndefu juu ya ukoloni, na hawakukosea. Mimi nilikuwa nikizisahihisha huku nasikia mlango wa bafu unafungwa kwa ndani, na nilijua mdogo wangu anafanya nini humo.

Alikuwa akijichubua. Mimi nilichukua weupe wa baba. Yeye alifanana na bibi yetu mzaa mama, mweusi, ngozi laini isiyo na doa. Tangu utotoni wageni walinishika mimi mashavu, kisha kama wamekumbuka adabu wakamwambia yeye, "Na huyu ana nywele nzuri, mashallah." Alipofika miaka ishirini na sita akaanza kupaka mkorogo, uliotiwa katika kopo lisilo na jina. Aliyemletea ni mama. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Sababu yenyewe alinieleza jikoni, tunakunja sambusa.

"Dada, kuna mtu kazini."

"Mtu gani?"

"Yuko ghorofa ya juu. Kila siku anashuka kuja kuomba faili, na faili lenyewe halihitaji." Akacheka, akajifuta unga puani. "Nnampenda. Usinicheke."

"Na yeye?"

"Kasema atamleta mamake."

Sikumcheka. Nilimuona amechangamka kwa namna ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo, hata siku ya harusi yangu.

Wiki moja kabla ya wageni kuja, uso wake ulikuwa umeshaharibika. Mashavu yamekuwa mekundu, chini ya macho pameingia weusi wa ajabu, na vifundo vya vidole vimebaki vilevile. Nikamfuata mama.

"Mama, mwambie aache. Anaungua."

"Wewe hujui," akanijibu bila kugeuka. "Mwanamume anapenda, lakini anayechagua ni mamake." Ndipo akanigeukia. "Na siku hiyo, mwanangu, wewe usitoke."

"Nisitoke vipi?"

"Ukae chumbani tu. Mkikaa pamoja mbele ya watu..."

Nikakubali. Sikukasirika, wala sikuuliza zaidi. Mpaka leo hilo ndilo linalonisumbua, jinsi nilivyokubali upesi, kama mtu aliyeambiwa akahamishe gari.

Walikuja Ijumaa baada ya swala ya alasiri, mama wa yule kijana na dada yake. Nilikaa kitandani na insha zangu, nikasikia salamu ndefu, vikombe vya kahawa, sahani ya halua ikisogezwa. Mdogo wangu alikuwa akiwahudumia mwenyewe. Halafu nikaisikia sauti ya yule mama, tulivu kabisa.

"Na yule mwanao mwengine, yule mweupe niliyemuona harusini Seeb? Yuko wapi?"

"Kenda kazini," mama akasema.

"Kazini, leo Ijumaa, siku ya mapumziko?"

Kisha mama, kwa sauti ya mtu aliyebanwa: "Yule kaachika, mwenzangu."

"Si kitu. Mwanangu hashiki sana mambo hayo."

Aliyasema hayo na mdogo wangu yuko mbele yake, sinia mkononi. Baada ya muda mlango wa chumba ukafunguliwa. Alisimama hapo, kanga imemteleza begani, poda imeganda kwenye mashavu yaliyoungua.

"Wanakuita."

"Siendi."

"Nenda, dada. Khalas. Nenda ukawasikilize."

"Nimekwambia siendi."

Akaja akakaa juu ya karatasi zangu. Hakulia. Tulikaa hivyo mpaka tukasikia wageni wanaaga, na mama anawasindikiza hadi kwenye lifti kwa maneno matamu.

Yule kijana alipiga simu wiki mbili. Baadaye simu zikapungua, na hakushuka tena kuomba faili. Sijui kama alimpigania au hakumpigania.

Daktari wa ngozi alimkataza mkorogo na kumkataza jua, akampa ruhusa ya kukaa nyumbani siku kadhaa. Katika siku hizo alizisoma hadithi zangu zote. Nilirudi mchana nikazikuta zimepangwa vizuri kuliko nilivyoziacha.

"Umezionaje?" nikamuuliza.

"Walioziandika wanawaonea huruma hao wasichana."

"Na wewe?"

"Mimi huruma ya nini? Mimi nilimtaka yeye."

Kesho yake nikayasema maneno hayo darasani, kwamba huenda msichana wa hadithini hataki huruma yetu, anamtaka mtu wake tu. Sikusema nimeyatoa wapi. Wanafunzi wakainamisha vichwa, wakaandika. Njiani kurudi niliona haya, kama niliyetoa kitu cha mwenzangu kabatini nikakivaa.

Mama hakuomba radhi. Alimkanda uso kila asubuhi kwa kitambaa cha maji baridi, taratibu, na siku moja akiwa katika kumkanda akaanza kusema, bila kutuangalia.

"Nilipoolewa na babenu, mamake alinitazama mbele ya watu akasema, mwanangu kaleta usiku nyumbani kwangu. Nna miaka kumi na saba. Basi nilitaka huyu apate wepesi."

Akakamua kitambaa, akaendelea kumkanda.

Uso ulichukua zaidi ya mwaka kutulia, na alama mbili chini ya macho hazikuondoka. Miaka ilivyokwenda akaolewa na mtu ambaye wazee wake walitoka Bujumbura, mtu mpole, asiye na maneno mengi, aliyemtaka na hizo alama zake. Mama alinung'unika kwamba hao ni watu wa bara, kisha akachoka kunung'unika. Mimi niliendelea na somo lilelile muhula baada ya muhula, kwani bado hakuna aliyelitaka.

Mtoto alipozaliwa tulikwenda hospitali mimi na mama. Mdogo wangu alikuwa amejilaza, amechoka, ana furaha. Mama akampokea mtoto, akasoma dua, akampulizia. Kisha akakisogeza kitambaa kichwani na kuyainamia masikio, maana kwetu husemwa kuwa rangi atakayokuja kuwa nayo mtoto huonekana kwanza pembeni mwa masikio.

"Mama," mdogo wangu akasema, hata sauti hakuipandisha. "Yaache masikio ya mwanangu."

Mama akakirudisha kitambaa haraka, akaanza kuuliza habari za uji. Mdogo wangu akanigeukia mimi, labda akitegemea nitatabasamu naye. Nikajishughulisha na chupa ya chai. Nilikuwa nimetangulia kuingia chumbani, na nilimpakata mtoto kabla ya mama. Mimi nilikuwa nimeshayatazama masikio yake.