Asubuhi Isiyo na Moshi

Ruthu hana simu, hana redio, hana hata kiberiti. Moto wake huufukia majivuni usiku, alfajiri akaufukua, akaupuliza, na maisha yakaendelea. Anaishi Bahi kwenye tembe lenye paa la udongo, yeye chumba kimoja, mbuzi chumba cha pili, na kila asubuhi huwauliza mbuzi wamelalaje kabla hajaulizwa yeye. Ukimwonea huruma atakucheka.

Binti yake Jenifa, karani wa ofisi moja mjini Dodoma, alimwonea huruma hivyo hivyo. Kilichomkosesha usingizi ni hofu moja tu: mama ni mjane, umri umekwenda, akianguka ndani ya tembe lile, nani atajua? Kiangazi kile alikuja kumchukua wakaishi wote kwake Mkonze, huko huko mjini. Ruthu hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Tulale kwanza," maana hilo ndilo jibu lake kwa mambo mengi.

Jenifa alikuwa amebeba jiko dogo la gesi ili amwonjeshe mama raha za mjini. Alfajiri alimzuia asiinuke.

"Leo lala, mama. Mimi nipo."

Akawasha gesi, chai ikachemka mara moja, wakainywa mlango umefungwa kwa sababu ya upepo. Ruthu aliisifu sana, kisha akajifunika upya kama bibi harusi.

Jua lilikuwa limeshapanda na mbuzi wameanza kulalamika, ndipo Jenifa aliposikia nyayo nje, tena si za mtu mmoja. Alifungua mlango akapigwa na butwaa.

Uwanja umejaa watu. Mzee Matonya, jirani wa ng'ambo ya korongo, alikuja na wanawe wamebeba kitanda cha kamba. Paulina, jirani mwingine, alishika kibuyu cha uji. Wengine walitoka mbali, miguu imejaa vumbi, na Jenifa hakuwajua. Mmoja alikuja na jembe. Alipomwona Ruthu akichungulia nyuma ya bintiye, akalificha mgongoni kwa aibu.

"Shikamoo, baba," Jenifa alimwambia Matonya. "Kuna msiba?"

"Marahaba. Ndilo tulilokuja kuuliza. Hatujaona moshi kwa mama yako."

Ndivyo wanavyoishi pale. Kabla ya kufungulia ng'ombe, kila mtu hutazama mapaa ya wenzake. Moshi ukitoka, jirani kaamka salama. Usipotoka, ng'ombe hawaendi malishoni mpaka ijulikane kuna nini. Jenifa alipelekwa mdogo kusoma mjini kwa shangazi yake, na jambo hili hakuwahi kulijua, kwani kwa mama yake moshi haukuwahi kukosekana. Ruthu naye alijipiga paji la uso. Utamu wa chai ulikuwa umemsahaulisha kuufukua moto wake.

Watu walicheka, lakini si Jenifa. Aliwatazama mmoja mmoja, watu wazima walioacha kazi zao wakavuka korongo kwa sababu ya paa moja lisilotoa moshi. Hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile.

"Na huko kwako Mkonze, mwanangu," Matonya aliuliza, "usipoamka, nani anajua?"

Hakumkejeli. Alitaka kweli kujua.

Jenifa akakumbuka malaria ya mwaka jana. Alilala peke yake ndani ya geti, simu imeisha chaji, nguvu za kuinuka kuichomeka hana. Aliyefika ni msoma mita ya maji. Akasoma mita, akaenda zake.

"Hakuna, baba," alisema, akawasimulia yote.

Ruthu hakuwa amewahi kuisikia habari ile. Alikuja mpaka uwanjani, akakipokea kibuyu mikononi mwa Paulina, akamshikisha mwanawe.

"Mgonjwa wenu ni huyu," alisema.

Jenifa akaunywa uji ule mbele ya watu wote, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyekwenda kwa ng'ombe wake mpaka alipoumaliza.