Salamu ya Saa Kumi

Bawaba ya mlango wa wodi ile ilikuwa inalia. Kila saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, mlango ulisukumwa, bawaba ikalia kama ya geti la kwetu, na baba yangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, aligeuza shingo taratibu, akatazama mlangoni na kusema, "Shikamoo, mzee."

Mlangoni hapakuwa na mzee yeyote. Nilikuwepo mimi, na chupa ya uji mkononi na kanga safi kwapani. Macho yake yalipita juu ya bega langu yakasimama nyuma yangu, pale ambapo hapakuwa na mtu, akangoja kuitikiwa. Asipoitikiwa uso ulimsinyaa, akarudi kutazama dari. Wageni wa vitanda vingine walicheka chinichini, si kwa ubaya. Sisi wa nyumbani hatukucheka, kwa sababu tulijua anayeamkiwa ni nani. Alikuwa kaka yangu, na kaka yangu tulikuwa tumeshamzika.

Kwetu Uchagani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Kaka yangu alibeba jina la babu, na baba aligeuza jambo hilo kuwa utani wa kila siku. Kijana akirudi jioni kutoka gereji kule Ngarenaro, geti linalia, mikono imejaa grisi, baba ndiye aliyetangulia kuamkia, tena anainuka kabisa kitini. Na yule bwana, bila haya, alikohoa kizee, akaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito, akakaa kwenye kiti cha baba na kuuliza kama ng'ombe wameshakunywa maji. Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Tulikuwa na duka la sabuni na mafuta ya kula, Arusha mjini. Mama alicheka kila jioni kana kwamba ndiyo kwanza anausikia utani huo.

Mimi nilicheka nusu mdomo. Nilikuwa nimepewa jina la bibi mzaa mama, yaani mama mkwe wa baba, na mkwe hataniwi. Baba alinipenda, sisemi hakunipenda, lakini alinipenda kwa adabu, kutoka mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kumwaga chai mbele ya wageni.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu nilipokuwa mdogo yalijaa ghafla, na kila aliyejiweza alitafuta gari kuukuu kutoka Japani. Baba naye akapata pikapu yenye maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Kaka aliipenda kuliko chakula. Siku ya ajali walikuwa wanatoka Kikatiti na mikungu ya ndizi nyuma, kaka akiendesha, na lori lililokuwa linapita jingine likawafuata upande wao. Kaka alifia palepale. Baba alitolewa akiwa na pumzi lakini bila fahamu, na fuvu limepasuka upande wa kushoto.

Msiba ukawa Kilimanjaro, kwenye kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, na mgonjwa akawa Arusha. Nilikuwa nakimbia kati ya huku na huku, nikibeba shuka huku na sufuria kule. Watu walinisifu kwamba nina moyo wa kiume. Ukweli ni kwamba sikulia kwa sababu sikupata pa kukaa.

Baba alipoanza kufumbua macho alihamishiwa hospitali moja ya misheni upande wa mlimani, juu ya barabara ya kwenda Olmotonyi, kwenye wodi ya nyuma waliyotengewa walioumia kichwa vibaya. Wodi kama hiyo ilikuwa nadra wakati huo. Ukungu wa Meru uliingia mpaka kwenye korido, na mwezi wa saba tuliwavisha wagonjwa soksi mbilimbili. Aliyeiongoza alikuwa sista mmoja Mmeru, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Yeye hakutaka ndugu wa mgonjwa wakae kusali tu. Alitufundisha kazi: kumgeuza ubavu huu na huu asitoboke mgongo, kunyoosha vidole vilivyojikunja kimoja kimoja, kumfunga mikanda kwenye ubao na kuuinua polepole mpaka miguu ikumbuke uzito. Mpira wa kulishia ulipotolewa puani alitufundisha kumlisha uji mzito, kidevu kikiwa chini, kijiko kidogo, ngoja ameze, ndipo kingine.

Na kila asubuhi mgonjwa alitajiwa dunia yake. Leo ni Jumanne. Uko hospitali. Uliumia kichwa. Unapona. Mimi ni binti yako. Nilimtajia baba maneno hayo mpaka nikayaota. Alinisikiliza kwa upole mkubwa na kuniita sista.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na sitaificha. Mimi niliyemfuta mate, niliyejua kila kovu la mgongo wake, nilikuwa muuguzi mgeni. Aliyelala chini ya udongo aliamkiwa kila saa kumi.

Sista alipojua anayeamkiwa ni nani alituita mimi, mama na shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo. Akasema baba aambiwe.

"Hapa mgonjwa haongopewi," alisema. "Kichwa chake kinajengwa upya. Ukiweka tofali la uongo chini, ukuta wote utapinda."

Shangazi alijibu kwamba kwao mgonjwa hapewi msiba. Ukimpa msiba umemchimbia kaburi la kwake. Wakavutana, wote wawili kwa heshima, wakiitana mama. Mwishowe mama yangu ndiye aliyeamua, akisema yeye hawezi tena kusikia mwanawe akiitwa na asije.

Akamwambia baba yeye mwenyewe, amemshika mkono ule uliokuwa na nguvu. Baba akauliza nani alitangulia kutupa udongo kaburini, na shangazi akasema, "Mimi, kwa niaba yako." Baba akalia. Upande mmoja wa uso ulikuwa umepooza, kwa hiyo ni nusu ya uso iliyolia, nusu nyingine ilikuwa inatutazama tu. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Kesho yake bawaba ililia, baba akageuza shingo. "Shikamoo, mzee."

Hakubaki na chembe ya habari ile. Mama akamwambia tena, na akalia tena, vilevile, na swali lilelile la udongo, kwa sababu kwake ilikuwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata mama alifika mpaka kitandani, akafungua mdomo, akaufunga. Tulipokuwa tunatoka alisema hawezi kumuua mwanawe kila siku.

Basi siku iliyofuata niliitikia mimi. Sikupanga. Bawaba ililia, akaamkia, akangoja, uso ukaanza kusinyaa, na mimi pale mlangoni nikakohoa kizee na kusema kwa sauti nzito, "Marahaba."

Baba alitabasamu. Alimaliza uji wote, kijiko baada ya kijiko, kidevu chini, bila kupaliwa. Jioni ile nilishuka mlimani nikiwa nimefurahi, na furaha yenyewe ikanitia hofu.

Niliendelea. Siku nyingine nikaongeza swali la ng'ombe, na baba akajibu, "Wamekunywa." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa mtu tangu ajali, ukiacha salamu na lile swali la udongo. Mama akaanza kuwahi wodini kwa ajili ya salamu ile tu. Alikaa upande wa ukutani na kufumba macho. Kiti cha wageni kilichokuwa karibu na kichwa cha baba kikawa hakikaliwi. Hakuna aliyekataza. Tulisimama tukikizunguka, na hata mfanya usafi alikisogeza kwa mikono miwili, akakirudisha palepale.

Nikawa hodari kupita kiasi. Nyumbani nilijikuta nakohoa kile kikohozi jikoni bila kukusudia, na mama anageuka haraka, uso umefunguka, kisha unajifunga. Kanga zangu nilizihisi zinanuka grisi, nikazifua na kuzifua. Siku moja nilichelewa bombani nikiosha chupa ya uji. Nilisikia bawaba, nikasikia baba akiamkia, nikakimbia. Nilipoingia alikuwa ameshatabasamu.

"Ameshaitikiwa," mama alisema.

Wageni wengine walikuwa hawajafika; wodini alikuwapo yeye tu, na wagonjwa ambao hawakuwa na sauti. Sikumuuliza ni nani aliyeitikia. Nafikiri ni yeye mwenyewe mama. Nafikiri hivyo mchana. Nikiwa peke yangu sina hakika. Tangu siku ile nilipokuwa natamka marahaba nilihisi kuna mtu nyuma yangu mlangoni anayesubiri nimalize, kama mwenye kiti anavyomsubiri mgeni ainuke.

Sista aligundua, maana hakuna kilichompita. Nilijiandaa kwa vita. Yeye akaniuliza tu nitakuwa kaka yangu mpaka lini. Baba atarudi nyumbani, alisema, na nyumbani kuna geti, nalo linalia. Nikamjibu vibaya, kwamba ni rahisi kuhubiri ukweli wa msiba usio wako. Alikubali kwamba ni rahisi. Kisha akasema kichwa cha baba hakishiki maneno, lakini mikono yake inashika: kijiko amekikumbuka, vifungo vya shati anavikumbuka. Kama kuna kitu cha msiba ule kinachoshikika, tukilete.

Nilimpelekea shangazi maneno hayo nikitegemea atakataa, na nilitaka akatae. Shangazi alifikiri. Wiki iliyofuata alishuka kutoka Kilimanjaro na kopo la maziwa ya unga lenye udongo, na ndani yake isale, lile jani refu tunalolipanda mipakani na juu ya makaburi, na ambalo mtu akikuletea akiomba msamaha huwezi kumkatalia. Alilikata kwenye shina lililopandwa juu ya kaburi la kaka.

"Kichwa kimeumia," alisema, "lakini Mchaga hawezi kushika isale akadhani ni ua."

Kopo likawekwa dirishani karibu na mto. Ikawa sehemu ya mazoezi, baada ya ubao na kabla ya uji: nachukua mkono wake, nauweka juu ya jani, naweka wangu juu ya wake, nasema, hili ni isale la kaburi la mwanao. Siku za kwanza alilitazama, akanitazama, akalia kidogo, akasahau. Baadaye hakulia, alilishika tu, akilipitisha kidole toka shinani mpaka nchani. Bawaba ikilia bado aliamkia. Sista alikuwa amenikataza kuitikia, nami nilitii nikisaga meno. Ukimya uliofuata salamu ile sijapata kuusikia mwingine kama huo. Baba alingoja, mama alingoja, na kile kiti kikangoja.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na isale likatoa jani jipya. Jioni moja nilisukuma mlango, bawaba ikalia, na baba akageuza shingo kama kawaida. Alitazama mlangoni. Mkono wake mzima ulikuwa dirishani, umelishika jani bila kuwekewa na mtu. Nilisimama nikingoja salamu isiyo yangu. Haikuja.

Sista alikuwa anakunja shuka kitanda cha pili. Akaacha.

"Mzee," alisema taratibu, "leo huamkii?"

"Nimwamkie nani?" baba alisema.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Sista alikuwa ameifanyia kazi jioni ile kwa miezi, na wala hakufurahi. Aligeukia dirisha la upande wa mlima akasimama hivyo, shuka mkononi. Nami badala ya kumshukuru Mungu nilichungulia nyuma yangu, kwenye korido. Palikuwa na ukungu tu na ndoo ya mfanya usafi. Hapakuwa tena na mtu anayesubiri.

Nilipogeuka baba alikuwa ananitazama. Hakutazama bega. Alinitazama usoni, muda mrefu, kwa jicho la mtu anayepanga bidhaa zilizoanguka rafuni.

"Aliyekuwa anaitikia ni wewe," alisema.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akapumzika, maana maneno bado yalimchosha. Kisha akaonyesha kwa kidevu kile kiti tulichokuwa tunakizunguka. "Umechoka, mwanangu. Kaa."

Nilikaa. Kilikuwa kiti cha mbao tu, kimelegea mguu mmoja. Nikaweka chupa ya uji sakafuni, nikamlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu tumzike.