Bomu la Mtaliano Lililoanguka Nakuru

Bwana wangu wa Nakuru alikuwa na ugonjwa mmoja: alitamani sana kuwa mtu aliyepigwa bomu. Vita vya Mtaliano vilimpita akipanda ngano Mau Narok, na aliona haya mbele ya jamaa zake wa London, ambao nyumba zao zilibomolewa kweli. Basi wageni wakija kutoka Ulaya, aliwatembeza kwa miguu kuwaonyesha jinsi mji wetu ulivyoteseka. Mimi mpishi wake nilifuata nyuma na kikapu cha chai.

Mimi nilikuwa vitani Burma. Mabomu nimeyaona mpaka nikachoka. Lakini kazi yangu hapa ilikuwa kuangalia sukari isimwagike.

Jumamosi moja nilikuwa na shida zangu. Mama alikuwa mgonjwa Kabazi, na siku hizo za Hali ya Hatari mtu wa kabila letu hakutoka mjini bila barua ya mwajiri. Ndugu yangu mdogo alikuwa ameingia msituni Nyandarua kupigana na serikali, siri ambayo Bwana hakuijua, kwa hiyo mama alibaki peke yake. Bwana alikuwa ameniahidi: "Matembezi yakienda vizuri, jioni nitakuandikia."

Wageni walikuwa mtu na mkewe. Tulianzia nyuma ya stesheni, kwenye mahandaki yaliyochimbwa kumngojea Mtaliano. Mtaliano hakuja, walikuja mbuzi. Bwana akavua kofia, wageni nao wakavua zao, mbuzi wakaendelea kula. Kisha tukapanda mpaka kwenye shimo karibu na lango la Bwana.

"Hapa," akasema, "ndipo bomu lilipoanguka."

Ai! Shimo hilo lilichimbwa na baba yangu, akitoa murram, udongo mgumu wa kumwaga kwenye barabara ya Bwana huyo huyo, na Bwana huyo huyo alisimama pale juu akimfokea aharakishe. Sasa machozi yalimlengalenga. Haki ya Mungu, alikuwa ameshaamini!

Memsahib mgeni akashuka shimoni, akarudi na kipande cha chuma chenye kutu. Nilikijua papo hapo. Ilikuwa ncha ya sururu ya marehemu baba, ile iliyovunjika humo ndani akatukanwa wiki nzima. Memsahib akanigeukia.

"Nasikia wewe ulikuwa vitani. Hiki ni cha bomu?"

Bwana akanikazia macho. Nilitamani kukinyakua kile chuma nikimbie nacho. Nikamkumbuka mama.

"Ndiyo, memsahib," nikasema. "Cha Mtaliano kabisa."

Akakifunga kwenye leso, akaenda nacho Ulaya. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Jioni nikapewa barua. Bwana alikuwa ameandika kwamba ananijua miaka mingi, kwamba mimi ni mtu mkweli na sijawahi kumdanganya. Kesho yake asubuhi askari wa kizuizi cha barabarani akaisoma mara mbili, akacheka, akanipigia saluti. "Pita, mtu mkweli."

Mama nilimkuta ameketi kitandani, uso ameuelekeza msituni. Ndege kubwa za serikali zilikuwa zimetoka kupita juu ya nyumba, na sasa huko Nyandarua kulinguruma, sufuria zikatikisika ukutani. Ngurumo hiyo niliijua tangu Burma. Mama akanishika mkono.

"Ni nini hicho kinanguruma huko kwa ndugu yako?"

"Ni mvua, Mama," nikasema.