Mkono Alionyoosha Theodori

Theodori wa Lipangalala hakuwahi kumpiga mtu kwa hasira, na bado vijiweni wanamwita bondia. Neno hilo linanichefua. Alikuwa kuli. Kwa miaka kumi na minne alibeba magunia ya mpunga kutoka mashineni hadi stesheni ya reli, hata yale ya lumbesa yaliyojazwa mpaka yakaota kichwa, ambayo wenzake waliyabeba wawili wawili. Akitoka kubeba, anaingia kulima. Ekari zake mbili alizilima kwa jembe la mkono pamoja na mkewe, Digna, kwa sababu hawakuwa na ng'ombe wala plau.

Mimi ni mjomba wake. Nilimlea tangu akiwa na miaka saba, na mieleka nilimfundisha mimi.

Zamani kule kijijini kwetu Mbingu, tukishavuna tulishindana mieleka palepale tulipopuria mpunga. Mgongo ukigusa ardhi, yamekwisha. Aliyeangusha anamwachia mwenzake papo hapo, anamnyooshea mkono wa kulia, anamwinua, kisha anampangusa vumbi mgongoni mbele ya watu wote. Asiyempangusa mwenzake hakuhesabiwa mshindi. Nimeona mwanaume mwenye ndevu akirudishwa uwanjani na mama yake akapanguse. Hapakuwa na zawadi. Ulishinda, ukaenda kula na uliyemwangusha.

Mwaka 1996 banda la video lilianza kuonyesha mikanda ya Wazungu wazito kama viboko, wamefungiwa ndani ya wavu kama kuku wa kuuzwa, mmoja amemkalia mwenzake kifuani anamponda uso. Niliingia mara moja. Aliyekuwa chini alikuwa ameshashindwa zamani, na bado anapigwa, na watoto wa watu niliowajua walikuwa wanacheka. Nikatoka. Nilipaswa kuliteketeza lile banda.

Baadaye akaja Edward, mtu wa Morogoro aliyejiita promota. Alitangaza pigano la uzito wa juu, mikono mitupu. Zawadi ya mshindi, ng'ombe wawili wa kulimia na plau yao. Ng'ombe wenyewe aliwafunga kando ya uwanja wa mpira wiki nzima ili kila mtu awaone, na kila jioni Theodori alipita kuwatazama.

"Mjomba, wale wamefundishwa tayari," aliniambia. "Nimewaona wanavyogeuka."

"Na wewe nani atakufundisha? Kule wanavunjana."

"Mara moja tu. Nikiwapata, Digna anaweka jembe chini."

"Kupigana kunalipa, Theodori?"

"Kwani gunia linalipa, mjomba?"

Swali hilo linaniudhi mpaka leo.

Mpinzani wake alikuwa Ngusa, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao. Edward hakumchagua kwa bahati. Alijua kwamba wakulima wamechoka kuona mpunga wao ukiliwa na mifugo, na wafugaji wamechoka kutukanwa. Aliuza ugomvi wetu kwetu wenyewe, na sisi tukapanga foleni kuununua. Kwa wiki nzima alimfungia Ngusa kwenye banda la video, akimrudishia sehemu moja ya mkanda: namna mtu aliyelala chini anavyouvunja mkono wa mwenzake.

Siku ya kupima uzito waliwaning'iniza kwenye mizani ya mpunga pale mashineni. Theodori alifika kilo mia na kumi na mbili.

"Huyu mkimkoboa," alisema Apolonia, mama ntilie wa pale, "mnapata gunia zima, na pumba za kulishia nguruwe mwaka mzima."

Theodori alicheka hadi mizani ikatikisika. Ngusa naye alicheka. Wangeachwa hapo wangekula ubwabwa pamoja wakaenda zao.

Pigano lilikuwa Jumapili baada ya misa. Edward aliwasimamisha katikati ya uwanja uliozungushiwa kamba, akasema kwa sauti, "Kuanguka si mwisho. Mwisho ni mtu kupiga kofi chini kwamba ameshindwa, au kuzimia. Mmesikia?"

"Tumesikia," wote wawili walijibu. Theodori alijibu, nilimsikia kwa masikio yangu.

Ngusa alirusha ngumi, moja ikampasua Theodori juu ya jicho. Theodori hakurudisha. Aliinama, akamkumbatia kiunoni, akamwinua kama anavyoinua gunia, akamweka chini. Mgongo wote uligusa ardhi. Sisi wazee tulisimama tukashangilia, kwa sababu kwetu yalikuwa yamekwisha.

Na kwake yalikuwa yamekwisha. Alimwachia Ngusa, akainama, akamnyooshea mkono wa kulia.

Ngusa aliushika. Akapitisha miguu yote miwili kifuani kwa Theodori, akamvuta chini, akajinyoosha. Kiwiko kililia kama kuni kavu. Theodori hakupiga kofi chini. Alikuwa anamtazama Ngusa usoni kama anayengoja kuambiwa jambo. Edward akasimamisha pigano, akamtangaza Ngusa mshindi.

Wakati tunamfunga mkono kwa kanga, mfugaji mmoja mzee alikuja na fimbo yake, akaanza kuwafungua wale ng'ombe. Walikuwa wake. Edward aliwakodi kwa wiki moja, na hata hiyo kodi hakuilipa. Tulipomtafuta tukaambiwa amepanda basi la Kidatu na mfuko wa viingilio. Ngusa alibaki katikati ya kamba, mshindi, hana hata mkia wa ng'ombe.

Hospitalini walimfunga Theodori hogo la plasta kutoka begani hadi kiganjani.

"Uliambiwa kuanguka si mwisho," nilimfokea.

"Nilijua, mjomba. Mkono ulikwenda wenyewe."

Mkono ule niliufundisha mimi.

Hogo lilipotolewa, kiwiko kilikuwa kimekaza. Mkono haukunjuki. Hakuna tajiri wa mpunga anayemwajiri kuli wa mkono mmoja, hata awe na kifua cha kiboko. Mvua za kwanza zilipoanza, Digna alilima peke yake.

Asubuhi moja Ngusa alitokea uani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia. Naandika hapa kwamba sikuitikia, na sijutii.

Akamgeukia Theodori. "Shikamoo, kaka. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Ulikuwa umeshinda. Kwa nini ulinipa mkono?"

"Ili unyanyuke," alisema Theodori.

Ngusa aliinamisha kichwa. Theodori akainuka, akamshika bega akamgeuza, na kwa mkono wa kushoto akaanza kumpangusa mgongo, polepole, toka mabegani hadi kiunoni, ingawa shati lilikuwa safi na vumbi la siku ile lilikuwa limeoshwa zamani. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka Theodori ampige, angalau kofi moja, na nilijua hatampiga, kwa sababu ya niliyomfundisha mimi.

Digna alitoka ndani na jembe begani. Akawatazama.

"Mkishamaliza kupangusana," alisema, "shamba lipo."

Akaondoka. Ngusa akapangusa macho, akamfuata, na mimi, mwenye miaka sitini na minane, nikachukua jembe la pili.