Kitu Chini ya Kawa

Seif Hamadi, muuza shanga na chumvi wa Nyakahanga enzi za Mdachi, alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Alizaliwa pwani, akaja Karagwe na msafara, akaoa Mnyambo aliyesilimu akaitwa Mwajabu. Alimpenda, hilo sikatai. Aliyemtia wasiwasi ni mkwewe, Nyamwiza.

Siku moja Nyamwiza alileta kutoka kijijini kwake Igurwa mizigo ya nyasi mbichi, akazitandaza sebuleni, kama Wanyambo wanavyofanya kuipa nyumba heshima. Alipoondoka, Seif akaona kitu kimeng'ang'ania bua: kifuko cha kahawia, kigumu, kama kilichoshonwa pande zote bila kuachwa mdomo.

"Hirizi!" alisema. Kwao pwani kitu kilichoshonwa hivyo huwa na maneno ndani. "Mama yako anataka nife."

"Sijui ni nini," Mwajabu alijibu. "Lakini mama hana ubaya na wewe."

"Nenda kwenu. Ijumaa mwalimu wa msikitini atakifungua, ndipo nitajua kama nakuacha."

Mwajabu alifunga nguo zake, akaenda kwa mama yake. Seif akakishika kile kitu kwa koleo, akakiweka kwenye sinia, akakifunika kwa kawa, kile kifuniko cha kusuka cha kufunikia chakula. Akawa anakula kwa jirani, maana hata unga wa nyumbani kwake aliushuku. Mtu mzima!

Alhamisi asubuhi akasikia mkwaruzo. Alifunua kawa kwa ncha ya fimbo, huku akisoma Ayatul Kursi. Kifuko kilikuwa kimetoboka, ndani kitupu. Kwenye ukili wa kawa alining'inia nondo mpana kama kiganja, bado amelowa, kila bawa lina duara kama jicho. Hakuwahi kuona mdudu wa namna ile. Alimtazama mabawa yakinyooka taratibu, akaelewa, akaona aibu.

Alimpeleka Igurwa ndani ya kawa ileile, pamoja na kifuko chake. Nyamwiza alichungulia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu hujifungia hivyo akiwa kiwavi, mwanangu. Porini wamejaa."

Mwajabu hakucheka. "Na kama kisingetoka kitu?" aliuliza.

Seif alimsihi tu arudi nyumbani.

Mwajabu alikubali kurudi. Lakini tangu hapo, kila nyasi mpya zilipoletwa, alimwita mumewe, akazikung'uta mbele yake fungu kwa fungu.

"Kagua, bwana," alisema.

Na Seif, pamoja na aibu yote ile, alikagua.